Majivu na Majani

Kisiwa chetu ni kazi ya matumbawe. Ukichimba kisima upande wa mashariki ya Unguja, hukawii kukutana na jiwe jeupe lenye chapa za kombe waliokufa kabla binadamu hajajua kuhesabu miaka. Mlima hatuna, sembuse mlima wa moto. Kwa hiyo yote niliyoyajua utotoni juu ya milima ya moto niliyapata kwa bibi yangu mzaa mama, ambaye asili yake ilikuwa Ngazidja. Yeye aliusimulia mlima wa Karthala kama mtu anavyomsimulia jirani mwenye hamaki: leo amenyamaza, kesho hujui. Mlima huo una kimo cha mita 2,361, nao ulipofumka mwezi wa Novemba 2005 majivu yake yalivifunika vijiji vingi na kuyaharibu maji ya mabirika ambayo watu wa huko huyategemea kwa kunywa. Bibi hakuzisikia habari hizo. Alikuwa amekwisha kutangulia. Lakini aliniachia neno moja. Alikuwa akisema kwamba kwao migomba inayozaa kuliko yote ni ile iliyoota palipopita majivu. "Jivu halitupwi, mjukuu wangu," akisema, huku akilizoa la jikoni na kulipeleka shinani mwa mpapai.

Lugha yetu hailipi jivu heshima hiyo. Tunasema "moto huzaa jivu", tukimkusudia mzazi mwenye sifa aliyejaaliwa mtoto asiye na lake. Methali hii naijua vyema, maana nimeishi ndani yake.

Baba yangu alikuwa mshonaji wa matanga, pale Malindi, karibu na bandari ya majahazi. Mchana alishona, jioni, barzani, alitunga. Hakuwahi kuchapisha diwani wala hakutaka. Mashairi yake aliyaandika kwa hati za Kiarabu katika madaftari ya skuli, kumi na moja kwa jumla, akayatia ndani ya kasha la msaji. Mimi, mwanawe wa kwanza, nilisomea ualimu, nikatunga vijishairi viwili vitatu vilivyotoka magazetini, na wazee wa barza wakavisoma na kunitazama kwa huruma. Hakuna aliyenitamkia methali ile usoni. Haikuwa lazima.

Alipofariki, kasha lilikuja kwangu. Niliahidi mbele ya ndugu zangu kwamba nitayanakili mashairi yote kwa hati za kisasa. Nikaliweka kasha katika chumba cha uani, chini sakafuni, nikasema Ramadhani ikimalizika nitaanza. Ramadhani tatu zikamalizika. Siku nilipolifungua, mchwa walikuwa wamekwisha kuyasoma kabla yangu. Kilichobaki kilikuwa udongo wenye umbo la madaftari, ukiugusa unamomonyoka. Niliubeba uani, nikautia moto ili mchwa wasienee nyumbani, nikasimama nikiutazama mpaka ulipozimika. Sikumwambia mtu. Dada yangu aliponiuliza juu ya kazi ya kunakili, nilimjibu kwamba inaendelea.

Miezi michache baadaye nilipigiwa simu kutoka Tarime. Aliyepiga alikuwa rafiki yangu wa chuo cha ualimu, Mkurya, mwalimu wa Kiswahili na Jiografia, ambaye mwaka 1988 alikuja kupumzika kwetu kwa wiki mbili na kukaa barzani na baba kila jioni. Habari za msiba zilikuwa zimemfikia kwa kuchelewa.

"Mura, pole sana," akasema, kwa neno lile la vijana wa kwao ambalo hajaacha kuniitia hata sasa tukiwa na mvi. "Lile shairi la mzee la tanga ninalo mpaka leo. Nawafundisha wanafunzi wangu."

Niliketi. Nikamwuliza kama ameliandika mahali. Akasema liko kichwani. Nikamwomba alisome pale pale, nikamsikia akicheka kidogo.

"Shairi la marehemu halisomwi kwenye simu. Njoo."

Basi nikaenda, mwezi wa Februari: boti hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo basi, siku nzima na usiku na nusu ya siku nyingine. Mtu wa kisiwani aliyezoea nchi inayokwisha baada ya saa moja ya gari hupata fundisho katika safari ya namna hiyo. Baada ya Mwanza barabara hufuata ziwa, kisha, kabla ya Bunda, hupakana na mbuga za Serengeti upande wa magharibi, na pundamilia huonekana dirishani kama mbuzi wa mtu. Mbele kidogo tuliipita njia panda iendayo Butiama. Nilimkumbuka mtoto wa Kizanaki aliyezaliwa kijijini humo, ambaye Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake, naye ndiye aliyetupa tafsiri ya *Julius Caesar* mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Sisi wa pwani hupenda kuzungumza kana kwamba lugha ni jahazi letu na wengine ni abiria. Mwalimu Nyerere alikuwa nahodha bila ya kuzaliwa karibu na maji ya chumvi.

Penye daraja la Kirumi tuliuvuka Mto Mara mahali unapojitawanya katika mafunjo kabla ya kumiminikia ziwani, kisha gari likaanza kupanda. Tarime ni nchi ya juu. Kuna migomba, mahindi na kahawa, na asubuhi kuna baridi iliyonifanya nikumbuke kwamba sikubeba shuka zito. Rafiki yangu alinipokea stendi kwa mikono miwili na kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara. Wakurya husema wanalotaka kusema. Kwetu mtu huulizwa hali ya nyumbani, ya watoto, ya wazee, ndipo jambo lijongee taratibu kama paka. Yeye alinitazama akasema, "Umekonda. Una kitu."

Usiku ule, baada ya ugali wa ulezi na maziwa mgando, alimwita mpwa wake, kijana mmoja mrefu, aje na litungu. Wapenzi wa ushairi wa pwani ambao hawajapata kukiona chombo hicho wafahamu kwamba ni cha nyuzi nane, chenye bakuli kubwa la mti lililowambwa ngozi, na sauti yake ni nzito, ya chini, kama ya mzee anayezungumza katika chumba cha pili. Kilikuwa cha baba yake, mwimbaji aliyejulikana koo zote za jirani. Nilipokikaribia niliona kwamba nyuzi zake ni mishipi ya nailoni, ile ile wanayovulia samaki kwetu. Nilicheka peke yangu.

Kijana akapiga. Rafiki yangu akasimama, mikono nyuma kama mwanafunzi, akasoma. Alikuwa nazo beti sita. Nauweka hapa wa kwanza tu:

Chombo kitwekapo tanga, pwani abakiye nani?
Wimbi lafuta mchanga, nyayo hazionekani,
Sauti hupanda anga, ikatua ugenini,
Neno halijui nanga, lasafiri duniani.

Sikuweza kusema kitu kwa muda. Baba alikuwa akiusoma ubeti huu sindano ikiwa mkononi, na hapa ulikuwa umefika nchi ya nyanda za juu, katika matamshi mengine, juu ya sauti ya ngozi ya ng'ombe. Kisha, Mungu anisamehe, ualimu ukaniamka. Nilisema mstari wa tatu umekosewa. Baba alisema "hutua kwa majirani".

"Hapana," akasema rafiki yangu. "Ni ikatua ugenini."

Msomaji mwenye kupenda mizani na ahesabu mwenyewe. Vipande vyote viwili vina mizani nane. Vyote vinakomea kwenye *ni*. Lakini mistari mingine mitatu inakomea kwenye *ani*: nani, hazionekani, duniani, na baba alikuwa mkali wa vina, mtu wa kumrudisha kijana barzani kwa kosa la silabi moja. Nilimweleza hoja hiyo kwa urefu, kama mtu aliye mahakamani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mura, vina sibishani na wewe," akasema. "Lakini mzee alinitazama mimi alipousema. Mimi ndiye niliyekuwa mgeni pale barzani. Sasa lete daftari tuangalie."

Hapo ndipo nilipomweleza habari ya kasha, sakafu, mchwa na moto. Alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa. Mpwa wake aliliweka litungu chini polepole, akatoka. Nilimwambia pia ile methali, kwamba moto umezaa jivu, na jivu lenyewe nimelitia kiberiti kwa mkono wangu. Nilitazamia anipe pole. Badala yake akauliza, kwa sauti ya darasani:

"Jivu unalijua, au unalisema tu?"

Nikanyamaza.

"Kesho kutwa ni Jumamosi. Nitakupeleka ukalione."

Tuliondoka Tarime alfajiri ya Jumamosi, tukapita Nyamongo kwenye dhahabu, tukauvuka tena Mto Mara, ambao hapo ni maji ya rangi ya chai ya maziwa yaendayo kwa haraka, na tukaingia wilaya ya Serengeti. Watalii huupenda mto huu katika miezi ya Julai hadi Oktoba, nyumbu wanapovuka huko juu, Kogatende na Lamai, na mamba wakiwangoja. Februari hakuna nyumbu. Tulikuta mwanamke akifua nguo na watoto wawili wakimlindia ndoo.

Njiani rafiki yangu alinionesha kwa kidole upande wa mashariki, ambako hapakuwa na cha kuona ila ukungu juu ya vilima. "Huko ni Lamai," akasema. "Babu yangu alilima huko." Pembe hiyo ya kaskazini ya mto iliongezwa katika hifadhi katika miaka ya 1960, na waliokuwa wakiishi humo walihama. Baba yake, yule mpigaji wa litungu, alitunga wimbo ambao hauna malalamiko hata neno moja. Umetaja majina tu: kijito hiki, jabali lile, mti wa kivuli cha ndama, kisima cha shangazi. Majina yale hayamo katika ramani wapewazo wageni. "Ndani ya hifadhi hatuna nyumba," akasema, "tuna wimbo." Kisha akaongeza, bila ya kuulizwa, kwamba yeye mwenyewe hawezi kupiga litungu, vidole vyake havikukubali, na baba yake alikufa akilijua hilo.

Mugumu, makao makuu ya wilaya, tulikodi gari kuukuu lenye dereva kijana wa Kiikoma, na kupitia lango la Ikoma tukaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Jina lenyewe huelezwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya nchi isiyo na mwisho. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1951, mipaka yake ikabadilishwa mwaka 1959, Ngorongoro ikatengwa na Wamaasai waliokuwa Moru wakahamishiwa huko. Mwaka 1981 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Eneo lake ni kilomita za mraba 14,763. Kwa hesabu ya kwetu, ni kama Unguja tisa zilizowekwa pamoja bila ya bahari kati yake.

Mwanzo ni msitu wa migunga na mbung'o. Mbung'o wa Ikoma hawana adabu; tulifunga madirisha tukaoka ndani. Rafiki yangu alitumia muda huo kunisomesha. Udongo wa upande huu wa kaskazini na magharibi, alisema, umetoka kwenye mawe ya kale mno, matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili. Mvua huku ni nyingi, milimita elfu moja na zaidi kwa mwaka, na majani hurefuka kumpita mtu. "Sasa tazama tukielekea kusini," akasema. "Hesabu miti."

Baada ya Seronera nilihesabu. Miti ilipungua kama watu wanavyopungua barzani baada ya isha: mmoja mmoja, kisha ghafla hakuna. Majani nayo yakafupika, kutoka kifuani yakawa magotini, na kutoka magotini yakawa kama zulia. Na mbele yetu pakafunguka kitu ambacho mtu wa kisiwani hawezi kukiita ila kwa jina la bahari. Upepo ulikuwa ukipita juu ya majani na kuyalaza na kuyainua. Mbali kidogo na barabara palikuwa na majabali ya matale yaliyochomoza kutoka kwenye tambarare, yale waitayo ya Simba, kila moja na miti yake michache, mithili ya visiwa vya Chumbe na Changuu vionekanavyo kutoka forodhani. Nilisahau kwamba nipo futi elfu kadhaa juu ya maji. Nilitafuta kwa macho mashua.

"Shuka," akasema rafiki yangu tulipofika lango la Naabi, ambapo mtu huruhusiwa kutoka garini. Tulikipanda kilima kwa njia ya miguu. Akainama pembeni, akachukua gao la udongo, akanitilia kiganjani. Ulikuwa mwepesi, wa kijivu, laini kama unga wa mhogo uliochekechwa.

"Hilo ndilo jivu lako."

Nayaeleza hapa kwa kifupi aliyonieleza kwa kirefu. Kusini na mashariki ya hapo, ambako milima ya Ngorongoro ilionekana kama wingu la buluu lililolala chini, pana safu ya volkano, nyingi zimezimika. Mmoja haujazimika: Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Kimaasai, wenye kimo cha mita 2,962, ambao tokea pale hatukuuona. Huo peke yake duniani leo hutoa lava ya namna ya magadi, isiyofikia moto wa lava nyingine, nyeusi inapotoka na nyeupe baada ya kukutana na unyevu wa hewa. Ulifumka kwa nguvu mwaka 1966, na tena mwaka 2007 hadi 2008. Lengai na ndugu zake waliotangulia, kama Kerimasi, kwa maelfu na maelfu ya miaka walirusha majivu yao, na upepo utokao mashariki ukayabeba na kuyamwaga juu ya tambarare hii. Mvua ikayeyusha chokaa iliyomo ndani yake na kuishusha chini, huko ikagandamana tabaka gumu kama saruji. Mzizi wa mti hauwezi kulipenya. Ndiyo sababu hakuna miti. Lakini mzizi wa jani fupi haundi safari ndefu, nao hukaa juu ya tabaka hilo na kunyonya kila kitu kizuri ambacho majivu yameleta, madini ya chokaa na fosfora, vitu vya kujenga mfupa na maziwa.

"Kule kwetu kaskazini majani ni marefu na maji yapo," akasema. "Kwa nini nyumbu asizalie huko? Anatembea mamia ya kilomita aje azalie hapa, mahali pakavu, pasipo na mti wa kujificha. Anafuata jivu."

Nikatazama. Nilikuwa nimedhani kwamba weusi ule uliotapakaa hadi upeo wa macho ni vivuli vya mawingu. Walikuwa nyumbu. Idadi yao hukadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja na laki tatu, na majike karibu wote huzaa katika wiki chache za mwezi huu. Chini ya kilima, umbali wa kutupa jiwe mara mbili, jike mmoja alikuwa amelala ubavu. Kabla sijaelewa ninachokiona, kitu cha rangi ya kahawia kilikuwa kimeanguka juu ya majani, kikatikisa kichwa, kikajaribu miguu, kikaanguka, kikajaribu tena, na kabla rafiki yangu hajamaliza sigara yake kilikuwa kikikimbia ubavuni mwa mama yake. Fisi wawili walipita mbali, wakatazama, wakaendelea.

Akanieleza jambo jingine ambalo sikulijua. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliwamaliza ng'ombe wa wafugaji na nyumbu pamoja. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa wamebaki kama laki mbili na nusu hivi. Ng'ombe wa vijiji vya pembezoni walipochanjwa, sotoka ikaondoka hata mwituni, na katika muda wa miaka kumi na mitano nyumbu wakazidi milioni. "Watu hudhani wanyama hawa wako hivi tangu Adamu," akasema. "Hata mimi nilikuwa nikidhani. Kumbe ng'ombe wa baba yangu wamo katika hesabu hii."

Nilikuwa bado nimeshika lile jivu. Nilimwuliza kama ndilo lililohifadhi zile nyayo za Laetoli, ambazo kundi la Mary Leakey lilizigundua mwaka 1978. Akasema ni la namna hiyo. Volkano ilimwaga majivu, mvua ikayalowesha, viumbe waliokwenda kwa miguu miwili kama sisi wakapita juu yake, majivu yakakauka yakawa jiwe, na majivu mengine yakaja yakazifunika. Miaka milioni 3.6 imepita na kidole gumba kinaonekana.

Nilifikiri juu ya mstari wa pili wa baba: wimbi lafuta mchanga, nyayo hazionekani. Ni kweli tupu, kwa mtu wa pwani. Kila asubuhi Malindi tuliona bahari ikiyafuta ya jana. Baba hakuwahi kufika huku. Hakujua kwamba kuna ardhi yenye tabia nyingine. Na mimi niliyekuwa nikijilaumu kwa methali ya wazee wangu sikujua kwamba methali imekoma katikati. Moto huzaa jivu, sawa. Lakini tumeacha kuuliza jivu huzaa nini, pengine kwa sababu jibu lake huchukua muda mrefu kuliko umri wa mwenye kuuliza.

Sisemi hivi ili nijitakase. Madaftari kumi na moja yamekwenda, na hakuna volkano itakayonirudishia. Beti sita ni beti sita. Jivu la shairi si shairi. Wala wimbo wa majina haukumrudishia babu wa rafiki yangu shamba lake, ijapokuwa niliona kwa macho yangu uzuri uliokaa mahali pa mashamba, na ni uzuri ambao nisingependa upotee. Mambo haya mawili niliyabeba pamoja kutoka Naabi, na bado sijapata pa kuliweka moja ili nilibebe jingine kwa mikono miwili.

Tulirudi Mugumu jua likikaribia kuzama. Usiku ule, nje ya nyumba ya wageni, nilimpigia simu dada yangu. Nilimweleza yote, kuanzia sakafuni mpaka kwenye kiberiti. Alinyamaza kwa muda nikadhani mtandao umekatika.

"Nilijua," akasema. "Siku ile ulikuja kwangu nguo zinanuka moshi, na macho yako hukuyainua. Nilikuwa nakungoja useme."

Kisha akaniambia kwamba yeye anazo beti tatu nne, zile ambazo baba alikuwa akizisoma kwa sauti ya chini akimshonea mama nguo. Nilimwuliza juu ya mstari wa tatu. Alisema yeye ameusikia kwa "majirani". Nikamtazama rafiki yangu kwa ushindi. "Lakini kaka," akaendelea, "baba alikuwa hasemi shairi mara mbili sawasawa. Akimwona mtu mpya mbele yake, hulikata limkae, kama tanga."

Kwa hiyo nimeuchapa ubeti kama nilivyoupokea Tarime, kwa "ugenini", pamoja na upungufu wake wa kina. Rafiki yangu ndiye aliyeuhifadhi kwa miaka zaidi ya thelathini, akiwafundisha watoto ambao hawajaona bahari wala tanga, wakati mimi niliyekuwa na kasha zima nililiacha sakafuni. Ana haki ya neno moja.

Na kama yuko miongoni mwa wasomaji aliyekuwa akikaa barza ya washonaji matanga pale Malindi, naye anakumbuka ubeti, au nusu ubeti, au hata kina kilichomkaa sikioni, tafadhali auandike, asingoje Ramadhani imalizike. Asichelee kuukosea, tutaupokea ulivyo. Na mwenye kasha la mzee wake nyumbani, basi leo kabla ya kulala alitie miguu.